Kinyozi na Hati ya Kuasili

Watu wa mtaa ule walimwita Kisogo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa kinyozi. Vinyozi wengine humtazama mteja usoni, kwenye kioo. Yeye alisimama nyuma, akainamisha kichwa cha mtu kwa vidole viwili, akaanza kusoma kisogo kama mtu anayesoma gazeti.

"Wewe ni mtoto wa yule fundi bomba," angemwambia mteja ambaye hajawahi kumwona.

"Umejuaje?"

"Kisogo, bwana. Uso unaweza kunidanganya. Kisogo hakiwezi."

Mara nyingi alipatia. Alipokosea, watu walicheka wakasahau. Yeye alikumbuka zile alizopatia tu.

Kisogo chake mwenyewe kilikuwa na alama. Nywele zilizunguka mara mbili, duara moja kulia na jingine kushoto. Alikitazama kwa vioo viwili na kujivunia. Marehemu baba yake hakuwa na alama ile, wala mama yake. Yeye, mjuzi wa visogo vya watu, hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa na mke, na binti mmoja aliyesoma sekondari. Mama yake, mwenye miaka sabini na mitatu, aliishi nao. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alisema yanahitaji upasuaji. Ndipo Kisogo akakata shauri kumwandikisha kwenye bima yake ya afya.

"Mama, bima wanataka cheti changu cha kuzaliwa," alimwambia asubuhi moja. "Nakala hawataki. Wanataka asili."

"Si kitambulisho kinatosha?"

"Wanataka waone kwamba wewe ni mama yangu."

Mama aliinuka. Kisha akaingia chumbani, akafungua sanduku la marehemu mumewe.

Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima. Alisoma herufi moja moja, kwa kidole, tena kwa sauti. Kisogo alikuwa sebuleni akifunga kamba za viatu, akamsikia akihangaika na karatasi. Hii siyo. Hii risiti ya redio. Hii siyo. Kisha mama akapaza sauti kwa furaha.

"A-si-li! Hii hapa, mwanangu. Imeandikwa asili."

Akaitia kwenye bahasha. Kisogo akaibana kwapani, akatoka mbio kuwahi foleni.

Kwenye ofisi ya bima, karani alikuwa mama mmoja wa miwani, mwenye sauti ya upole. Alifungua bahasha, akasoma, akasoma tena.

"Kaka, hiki si cheti cha kuzaliwa."

"Si mlitaka asili? Mama amesoma mwenyewe. Imeandikwa asili."

Karani aliigeuza ile karatasi, akaweka kidole juu ya neno. "Haijaandikwa asili. Imeandikwa kuasili. Hati ya kuasili mtoto."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Mtu wa nyuma yake kwenye foleni akacheka. Karani hakucheka.

"Hati asili ni ile ya kwanza, isiyo nakala," alisema. "Kuasili ni kitu kingine. Ni kumchukua mtoto aliyezaliwa na mtu mwingine, na mahakama ikamfanya kuwa mtoto wako." Akashusha sauti. "Kwani kaka, hukuwa unajua?"

Kisogo alisikia kila neno, lakini maneno hayakutaka kuungana. "Huyo mtoto ni nani?" aliuliza. Lilikuwa swali la kijinga. Jina lake lilikuwa pale, limepigwa chapa.

"Ni wewe."

Kisogo alishika ukingo wa dirisha la karani. Mtu wa nyuma hakucheka tena.

"Bima haina tatizo," karani akasema haraka. "Kisheria huyu ni mama yako kabisa, na hati hii inatosha. Nimwandikishe?"

"Mwandikishe," ilisema sauti, na Kisogo hakujua kama ilikuwa yake. Karani akagonga muhuri. Kisogo akashtuka kama aliyegongwa yeye.

Hakumbuki alifikaje nyumbani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachagua mchele.

"Wamekubali?"

"Wamekubali." Akaiweka karatasi mapajani mwake. "Mama, hebu soma tena. Anzia mwanzo wa neno."

Mama aliisogeza karatasi karibu na macho. Kidole kikaanza safari yake. "Ku," alisoma. "Ku-a..." Kidole kikabaki palepale. Sinia likamponyoka, na mchele ukamwagika mkekani.

"Baba yako aliniambia aliichoma," akasema.

Kisogo alikuwa ametumaini, njia nzima, kwamba mama atacheka. Sasa tumaini hilo nalo likaisha.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Tulikaa miaka kumi na moja bila mtoto," mama alisema. Hakuweza kumtazama. "Tukaenda ustawi wa jamii. Tukahojiwa, tukakaguliwa mpaka jikoni. Kisha wakatupa wewe. Ulikuwa na wiki sita. Mahakama ikatuandikia hati."

"Mlipanga kuniambia lini?"

"Ulipoanza shule, baba yako alisema bado mdogo. Ulipomaliza, tukasema apate kazi kwanza. Ukapata kazi, ukaoa. Baba yako akafariki. Nikabaki peke yangu na neno lenyewe, likawa linanikaba." Akafuta macho kwa pindo la nguo. "Niliogopa utaondoka, mwanangu."

"Nani alinizaa?"

"Sijui. Hatukuambiwa."

"Thelathini na minane!" Kisogo alifoka. "Miaka thelathini na minane, mama, na hujui!"

Akampa mama yake kisogo, akatoka nje.

Kwa siku nne hakumwita mama. Akitaka kusema naye, alimtuma mkewe. Mkewe alichoka. "Mimi si simu," alimwambia. "Una jambo na mama, kaa naye mzungumze." Kisogo hakusikia. Kazini alimkata mteja sikio, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu ajifunze kazi. Alikuwa akiwatazama watu barabarani, wote, wazee kwa vijana. Huyu je? Au yule? Kila mwanamke mzee aliyepita mbele ya saluni, Kisogo alimtazama mpaka apotee kona.

Siku ya tano akaja mteja mgeni kunyolewa. Alikuwa na duka la nyama mtaa wa pili, na watu walimwita Bucha. Kisogo alimfunga kitambaa shingoni, akamwinamisha kichwa, kisha akazima mashine.

Nywele zilizunguka mara mbili. Moja kulia, moja kushoto.

"Vipi, fundi? Umeme umekatika?"

"Hapana," Kisogo alisema. "Wazazi wako wako hai?"

"Wote wawili. Mungu amewajalia."

"Wewe ndiye wa kwanza kuzaliwa?"

"Wa pili," Bucha alisema. "Wa kwanza alifariki. Alikuwa wa kiume. Mama alijifungua hospitali kuu, mtoto akakaa siku mbili tu."

"Mwaka gani?"

"Mwaka mmoja kabla yangu. Mimi nina thelathini na saba."

Hati ya kuasili ilitaja hospitali alikozaliwa Kisogo. Ilikuwa hospitali kuu. Alimnyoa Bucha polepole, huku anamuuliza anapoishi, na Bucha, ambaye hakuwa na hila, akamweleza hadi rangi ya geti.

Mkewe alijaribu kumzuia. "Mji mzima unazaa pale hospitali kuu! Uliza kwanza wanaojua."

"Nimekwisha kuona kisogo," alijibu. "Niulize nini tena?"

Jumapili mchana akaenda. Alivaa shati jipya. Wazee wawili walikuwa sebuleni na Bucha, wanakunywa chai. Mama yake Bucha alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, na alimkaribisha Kisogo kabla hata hajasema jina lake. Kisogo hakukaa. Maneno aliyoyapanga yakamtoka yote kwa mkupuo.

"Mama, yule mtoto wako wa kwanza hakufa. Alipewa watu. Ni mimi."

Akapiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa ili aone.

Kikombe kilianguka. Hakuna aliyekiokota. Yule mama aliweka mikono miwili juu ya kichwa cha Kisogo. Akapapasa duara la kulia. Akapapasa la kushoto. Mikono ilikuwa baridi.

"Ni hiki hiki," alinong'ona. "Ni kisogo cha baba yangu."

"Mwache!" mume wake akapaza sauti. Alikuwa amesimama, rangi imemtoka. "Mtoto alikufa. Nilimzika mwenyewe. Nilimbeba kwa mikono hii!"

"Mimi sikumwona," mkewe alisema. "Mliniambia nisitazame. Mliniambia nilale." Alikuwa amemkumbatia Kisogo kichwa kwa nguvu, na sauti yake ilipanda. "Miaka yote hii sikumwona!"

Akalia. Kilio kile hakikuwa cha furaha wala cha huzuni, kilikuwa cha mtu aliyepasuliwa jeraha la zamani bila ganzi. Kisogo alitaka kuinuka, akashindwa. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, aliingiwa na hofu. Je, kama amekosea?

Bucha alimshika bega, akamtoa kwenye mikono ya mama yake. "Ulikuwa unaninyoa au unanichunguza?" alimuuliza kwa hasira. "Kesho asubuhi, ustawi wa jamii. Wote. Hili jambo haliishii hapa sebuleni."

Ofisa wa ustawi wa jamii alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye mkoba mkubwa karibu kama yeye. Aliwasikiliza wote wanne bila kuandika neno. Walipomaliza aliuliza, "Nani kati yenu amekula asubuhi hii?" Hakuna. Akawaagizia chai na mikate, akangoja wanywe. Kisha akamgeukia Kisogo.

"Inamisha kichwa, kaka." Akatazama. "Kizuri. Mume wangu naye ana kisogo kama hiki. Je, naye ni ndugu yako?"

Kisogo akajipapasa nyuma ya kichwa.

"Watu wengi wana kisogo cha namna hii," ofisa alisema. "Masikio hufanana, sauti hufanana, mwendo hufanana. Kufanana ni sababu ya kuuliza. Si ushahidi. Ushahidi ni kipimo cha vinasaba."

"Ndiyo nini hicho?" aliuliza yule mzee.

"Kila mtu amerithi mwili wake nusu kwa mama, nusu kwa baba, na ndani ya mwili kuna alama za urithi huo. Hazionekani kwa macho. Maabara huchukua mate kidogo kwa pamba, hapa ndani ya shavu, kwa mama na kwa mtoto. Wanalinganisha. Haiumi."

"Mimi sihitaji pamba," alisema mama yake Bucha. "Namjua mwanangu."

"Najua, mama," ofisa alisema taratibu. "Tufanye kwa ajili ya hawa wanaume wasioelewa."

Majibu yalichukua wiki tatu. Wiki hizo zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Kila asubuhi mama yake Bucha alipita saluni. Alikaa kwenye benchi la wateja, akamtazama Kisogo akifanya kazi. Hakusema mengi. Mara moja alimletea soksi, kwa sababu aliona zake zimetoboka.

Siku ya majibu ofisa alisoma karatasi mbele yao, kwa sauti ya kawaida, bila kuzunguka. Hakukuwa na udugu. Hata kidogo.

Yule mama hakulia. Aliuachia mkono wa Kisogo, kidole kimoja kimoja. "Basi nimemzika mara ya pili," alisema. Mumewe akamsaidia kuinuka, wakaenda.

Kisogo alibaki kwenye kiti. Alitaka ardhi ipasuke immeze. "Nimefanya nini?" alisema. "Nimefanya nini, dada?"

"Umemletea mtu habari ambayo hukuwa na hakika nayo," ofisa alijibu. Hakumpapasa kwa maneno matamu. "Nitamtembelea mimi. Wewe usiende tena mpaka uitwe. Sasa nipe hiyo hati yako."

Alionyesha kona ya juu kwa kalamu. "Unaona namba hii? Ni namba ya shauri mahakamani. Kwa namba hii jalada lako linaweza kutafutwa. Umeibeba mfukoni muda wote huu, na wewe unasoma visogo."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza. Andika barua ya maombi. Ambatisha nakala ya hati na kitambulisho. Sisi tutaomba ruhusa ya kufungua jalada. Picha yako usiibandike kwenye mitandao, matapeli watakuzalia mama kumi kwa wiki moja. Na usigonge mlango wa mtu. Akipatikana, nitakwenda mimi kwanza, kimya kimya."

"Lakini ni haki yangu kujua!"

"Ni haki yako kuuliza. Yeye ana haki ya kukubali, na ana haki ya kukataa. Huenda nyumbani kwake hakuna anayejua. Wewe habari hii ilikupiga dirishani, mbele ya foleni. Unataka na yeye apigwe hivyohivyo?"

Kisogo akatikisa kichwa.

"Na mama yako anasemaje?" ofisa aliuliza.

"Si ndiye ninayemtafuta?"

"Hapana. Unayemtafuta ni aliyekuzaa. Nauliza kuhusu mama yako."

Neno hilo lilimpata. Akaeleza kwamba hawasemezani vizuri. Ofisa alifunga mkoba wake. "Alikosea kukuficha," alisema. "Mtoto aliyeasiliwa anatakiwa aambiwe habari yake tangu mdogo, kidogo kidogo, akue nayo, isije ikamwangukia ukubwani kama ilivyokuangukia. Wazazi wengi hawakufundishwa hivyo. Wakaogopa. Nenda ukamwambie unachofanya. Asikisikie kwa majirani."

Jioni ile Kisogo alikaa mkekani kando ya mama yake. "Mama," alisema, "nataka kumtafuta aliyenizaa. Siondoki. Nataka kumjua tu." Mama alimshika mkono. Asubuhi yake aliamka mapema, akavaa nguo yake nzuri, akamwambia, "Twende. Kama wanataka maelezo ya siku ile, mimi ninayo. Nakumbuka hadi hali ya hewa."

Bucha alirudi kunyolewa baada ya mwezi. Alikaa kwenye kiti bila salamu. Kisogo alimnyoa bila kutazama kisogo, kazi ambayo si rahisi.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza mwishowe.

"Yule ofisa anakuja kuzungumza naye kila Jumatano," Bucha alisema. "Wiki iliyopita baba alimpeleka makaburini, akamwonyesha mahali. Hakuwa amewahi kuonyeshwa." Akajitazama kwenye kioo. "Bado sijakusamehe, fundi. Lakini wewe unanyoa vizuri."

Mwezi wa nne tangu aandike barua ya maombi, simu ya ofisa ikaingia. Kisogo alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja wa kichwa, akamwomba radhi, akakimbia.

Jalada lilikuwa jembamba, la rangi ya kahawia. Ofisa alilifunika kwa kiganja.

"Yu hai," alisema. "Nimempata."

Kisogo akashusha pumzi. Miezi yote alikuwa amemwona akilini. Bibi kizee, mvi, fimbo. "Ana miaka mingapi? Sabini? Themanini?"

"Hamsini na mitatu."

Kisogo alipiga hesabu. Akadhani amekosea, akarudia kwa vidole.

"Kumi na mitano?" alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Alikuwa na miaka kumi na mitano?"

"Alikuwa mwanafunzi. Jalada linasema siku ya kukukabidhi alivaa sare ya shule. Hakuwa na nguo nyingine ya kutokea." Ofisa aliondoa kiganja. Chini ya karatasi palikuwa na jina. Ofisa alikuwa ameliziba kwa kipande cha karatasi, kwa sababu mwenyewe alikuwa hajakubali, lakini herufi ya kwanza ilionekana. Ilikuwa ya duara, ya mwandiko wa daftarini. Na chini ya jina, mwenye jina alikuwa amepiga mstari kwa rula, kama wanavyofundishwa darasani.

Kisogo alirudi nyumbani kwa miguu. Binti yake alikuwa amelala sakafuni juu ya vitabu vyake, mdomo wazi, soksi moja juu, nyingine chini. Alikuwa na miaka kumi na minne na miezi kumi. Kisogo alisimama mlangoni, akamtazama. Miezi yote alikuwa na hasira na mwanamke aliyemtupa. Kumbe hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na mtoto kama huyu. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Baada ya wiki mbili ofisa akamletea jibu. "Amesema hapana."

Kisogo akageukia dirisha.

"Amesema hapana kwa sasa. Ana mume na watoto wawili wakubwa. Hakuna anayejua. Nilipomtajia, aliketi chini palepale alipokuwa amesimama. Tumpe muda. Unaweza kumwandikia, mimi nitampelekea."

Aliandika kurasa mbili. Ofisa akasoma, akachukua kalamu. "Hili lifute. 'Kwa nini ulinitupa.' Hakukutupa. Alikukabidhi kwa watu walioandaliwa kukulea. Kuna tofauti." Barua ikabaki mistari michache. Sidai kitu. Nimelelewa vizuri. Nina mke na binti. Ukitaka kunijua, nipo. Usipotaka, bado nakushukuru.

Jibu lilikaa miezi mitano. Wakati huo mama alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, kwa bima, na akaanza kumkosoa kila mtu kwa vumbi ambalo zamani hakuliona. Kisogo hakumtembelea ofisa kumsumbua. Hiyo peke yake ilikuwa kazi nzito kuliko zote.

Ndipo siku moja ofisa akaja saluni mwenyewe. "Amemwambia mumewe," alisema. "Kisha watoto. Yeye mwenyewe, kwa wakati wake, nyumbani kwake. Walilia, wakanyamaza, wakapika. Amekubali kipimo." Na safari hii karatasi ya maabara ilisema ndiyo.

Walikutana ofisini kwa ofisa, asubuhi ya Jumanne. Mama alimsindikiza Kisogo lakini alikataa kuingia. "Hayo ni yenu," alisema, akakaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani.

Ndani alikaa mwanamke mdogo wa umbo, mshonaji wa sare za shule. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano. Kisogo alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila hili, kwamba anaweza kuwa dada yake mkubwa. Hakujua amwamkie vipi.

"Kaa," mwanamke alisema. "Usipojua la kuniita, usiniite. Hata mimi sijui." Alimtazama mikono, kisha viatu, kisha uso, kwa zamu, kama anayeogopa kumaliza. "Walinipa dakika chache. Niliambiwa nikienda nyumbani nisahau, nirudi shule. Sikusahau. Na shule hawakunirudisha."

"Sikujua," Kisogo alisema. "Sikujua ulikuwa mtoto."

"Ulikuwa unakula? Ulipokuwa mdogo, ulikuwa unashiba?"

"Nilikuwa nashiba mpaka nakimbia sahani."

Akacheka kidogo, machozi yakimtoka. "Nani alikulea?"

"Mama yangu," Kisogo alisema, kisha akashtuka kwa neno alilotumia.

"Usiombe radhi. Yuko wapi?"

"Hapo nje. Kwenye benchi."

Mwanamke akainuka. Alinyoosha gauni, akafuta uso, akafungua mlango mwenyewe. Kisogo na ofisa wakamfuata. Mama alikuwa ameinamia mkoba wake. Aliposikia mlango, akanyanyua uso.

"Shikamoo, mama," alisema yule mwanamke. Alikuwa na maneno ameyapanga, ilionekana. "Nimekuja kukushukuru kwa..."

Mama hakumngoja amalize. Alikuwa amemkazia macho, na mshangao ulimjaa usoni.

"Kumbe ni mtoto," alisema. "Miaka yote nilidhani ni mwanamke mwenzangu. Kumbe ni mtoto kabisa." Akamshika mikono yote miwili. "Marahaba. Pole, mwanangu. Pole sana. Ulikuwa peke yako?"

Miaka thelathini na minane ilikuwa imepita, na hakuna mtu aliyewahi kumpa pole. Walimpa aibu, walimpa ushauri, walimpa karatasi ya kutia saini. Mwanamke yule wa miaka hamsini na mitatu alilia kwa sauti, kilio cha msichana. "Ndiyo, mama," alijibu. "Nilikuwa peke yangu."

Mama akasogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa.